Efeso kwa miguu: mwongozo kamili kwa anayetaka kuuona mji wa Matendo 19

Kila msimu wa joto meli kubwa za utalii hutia nanga Kuşadası, pwani ya magharibi ya Uturuki. Abiria hupakiwa kwenye mabasi, hupewa kama saa mbili za kutembea Efeso, hupiga picha mbele ya maktaba ya Celsus, kisha hurudishwa melini kupitia duka la mazulia. Wengi huondoka wakiamini kwamba Mtume Paulo alipita kwenye mlango ule wa maktaba. Hakupita. Maktaba ile ilijengwa zaidi ya nusu karne baada ya Paulo kuondoka mjini.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka zaidi ya picha: muumini anayehiji, kiongozi wa kikundi cha parokia au usharika, mwalimu wa Biblia, au mpenda historia tu. Efeso haina shida ya vitu vya kuona. Shida yake ni kwamba magofu ya zaidi ya miaka elfu moja yamelala pamoja, na mgeni asiye na mpango huyachukua yote kama kitu kimoja. Kwa hiyo shika swali moja na uliulize mbele ya kila jiwe: hili lilikuwepo enzi ya nani? Enzi zinazotuhusu ni tatu. Ya Paulo, miaka ya 50 baada ya Kristo. Ya kitabu cha Ufunuo, mwishoni mwa karne hiyohiyo. Na ya Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 431, ambapo mji ulikuwa umeshakuwa wa Kikristo. Ukiweza kulijibu swali hilo, hata mwongoza watalii mwenye haraka hatakupoteza.

Hatua ya 1: Soma kabla ya kufunga begi

Anza na Matendo ya Mitume, kuanzia 18:18 hadi mwisho wa sura ya 20. Humo mna Akila na Prisila wakimfundisha Apolo, darasa la Tirano ambamo Paulo alihojiana na watu kila siku kwa miaka miwili, wana saba wa Skeva waliopigwa hadi wakakimbia uchi, vitabu vya uganga vilivyochomwa vyenye thamani ya vipande vya fedha hamsini elfu, ghasia za wafua fedha, na mwisho Paulo akiwaaga wazee wa Efeso kule Mileto. Ongeza sura ya 16 ya 1 Wakorintho. Barua ile iliandikwa Efeso kwenyewe, na mstari wa 8 unasema wazi kwamba Paulo atakaa huko mpaka Pentekoste. Kisha Ufunuo 2:1–7, na 1 Timotheo 1:3, ambapo Timotheo anaombwa abaki Efeso.

Je, Waraka kwa Waefeso wenyewe? Usome kwa faida ya roho yako, ila usiutegemee kukuonyesha mji. Katika baadhi ya nakala za kale kabisa maneno “walioko Efeso” hayamo kwenye mstari wa kwanza, na mtu aliyeishi mahali karibu miaka mitatu hamsalimii hata mwenyeji mmoja kwa jina. Wataalamu wengi wanaona ulikuwa waraka wa kuzungushwa makanisani. Kwa mwenye kutembea, Matendo 19 ndiyo ramani.

Hatua ya 2: Kufika, na mahali pa kulala

Mji ulio hai jirani na magofu unaitwa Selçuk, tamka Selchuk. Lala hapo, usilale Kuşadası wala Izmir, kwa sababu moja tu: ukilala Selçuk utafika getini kabla ya mabasi.

Kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe au Kigali kuna ndege za moja kwa moja hadi Istanbul. Kutoka Istanbul unabadilisha ndege ya ndani hadi Izmir, uwanja wa Adnan Menderes, mwendo wa kama saa moja hewani. Angalia vizuri tiketi yako: Istanbul ina viwanja viwili vya ndege vilivyo mbali sana, kimoja upande wa Ulaya na kingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Ukinunua tiketi mbili tofauti kwa bei rahisi, unaweza kujikuta umetua huku na ndege yako inaondokea kule.

Uwanja wa Izmir una stesheni yake ya treni, na treni ya mkoa inayotoka stesheni ya Basmane mjini Izmir hupita hapo kuelekea Selçuk. Ni treni ya kawaida, ya bei nafuu, imejaa wanafunzi na akina mama wenye vikapu, na kutoka uwanjani ni safari ya kama saa moja. Ukishuka Selçuk, kitu cha kwanza utakachokiona ni matao ya mfereji wa maji wa enzi za Bizanti yaliyokatiza katikati ya mji, na juu ya nguzo zake viota vikubwa vya korongo. Kuanzia majira ya kuchipua hadi mwisho wa kiangazi ndege hao hukaa pale wakigonganisha midomo kwa kelele kama mtu anayepiga kayamba.

Kuhusu viza, masharti hutofautiana kwa pasipoti, na mara nyingine hutegemea kama una viza halali ya Ulaya au Marekani. Angalia tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki ya viza za mtandaoni au uulize ubalozi. Tovuti za mawakala zinazojifanya rasmi zipo nyingi, nazo hutoza ada juu ya ada.

Miezi mizuri ni Aprili, Mei na Oktoba. Julai na Agosti jua la pale halina huruma, na magofu hayana kivuli. Chukua kofia, maji ya kutosha na viatu vyenye soli inayoshika. Barabara za marumaru zimesuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi zinateleza hata zikiwa kavu, na mvua ikinyesha ni balaa.

Tiketi za magofu, za nyumba za matajiri zilizo ndani yake, za makumbusho, za kanisa la Mtakatifu Yohana na za nyumba ya Bikira Maria ni mbalimbali, na bei kwa wageni hupanda mara kwa mara. Kama utaona maeneo kadhaa, piga hesabu ya kadi ya makumbusho inayouzwa na serikali, ila nyumba ya Bikira Maria haimo katika kadi hiyo.

Hatua ya 3: Jioni ya kwanza, mtembelee Artemi

Usikimbilie magofu siku unayofika. Nenda kwanza Makumbusho ya Efeso, katikati ya Selçuk, umwone huyo aliyesababisha ghasia zote.

Sanamu mbili kubwa za Artemi, mungu wa kike wa Efeso, zilizopo humo zilichimbuliwa mwaka 1956 katika jengo ulimowashwa moto wa mji, zikiwa zimezikwa kwa uangalifu ardhini. Simama mbele yake kwa muda. Huyu si yule binti mwindaji wa hadithi za Kigiriki mwenye upinde na mbwa. Amesimama wima kama mlingoti, sketi yake imebana na kujazwa safu za simba, mafahali na nyuki, na kifuani pananing’inia vitu vya mviringo ambavyo hakuna aliyefanikiwa kuvieleza bila kupingwa. Wengine husema ni matiti, wengine mayai, wengine korodani za mafahali waliotolewa sadaka. Alikuwa mlinzi wa mji, na hazina ya hekalu lake ilitumika kama benki ambamo watu wa mbali waliweka amana. Ndiyo maana Demetrio mfua fedha alipowakusanya mafundi wenzake hakuanza na dini, alianza na riziki: kazi yetu iko hatarini. Dini aliileta baadaye. Soma Matendo 19:25–27 ukiwa mbele ya sanamu hizo, utamwelewa vizuri zaidi.

Kisha tembea kwa miguu hadi mahali pa hekalu lenyewe, pembeni mwa barabara ya kwenda magofu. Jiandae kushangaa kwa udogo wa kilichobaki. Hekalu la Artemi lilihesabiwa kati ya maajabu saba ya dunia ya kale, na Plini, mwandishi wa Kirumi, anataja nguzo 127. La awali lilichomwa mwaka 356 kabla ya Kristo na mtu aitwaye Herostrato, aliyetaka tu jina lake likumbukwe, na likajengwa jingine kubwa. Leo kuna bwawa la matete, bata, vipande vya mawe, na nguzo moja iliyounganishwa upya kwa vipande vilivyookotwa, juu yake kiota cha korongo. John Turtle Wood, Mwingereza aliyekuja kwa kazi ya reli ya Izmir hadi Aydın, alitafuta hekalu hili miaka kadhaa, akalifikia mwishoni mwa Desemba 1869 likiwa chini ya mita kadhaa za tope la mto. Hapa hakuna haja ya zaidi ya nusu saa, ila usiparuke. Ni hapa unapoelewa kwa nini mafundi walipiga kelele.

Jioni kula çöp şiş, mishkaki midogo ya vijiti vyembamba ambayo Selçuk inajisifia, ukalale mapema.

Hatua ya 4: Magofu, kwa mpangilio wa kushuka

Efeso ina mageti mawili, la juu na la chini, na katikati ni mteremko wa karibu kilomita mbili. Anzia juu. Mabasi madogo, dolmuş, hutoka kituo cha Selçuk hadi geti la chini, kwa hiyo kufika la juu utahitaji teksi. Ni pesa isiyopotea. Uwe getini linapofunguliwa, kwa kawaida mnamo saa mbili asubuhi. Saa yako ya kwanza humo, ukiwa na paka tu waliolala juu ya vichwa vya nguzo, ina thamani kuliko mbili zinazofuata.

Sehemu ya juu ilikuwa ya serikali: uwanja wa kiserikali, ukumbi wa baraza, na jengo ambamo moto wa mji uliwashwa bila kuzimwa. Hapa upande wako wa kushoto, unaposhuka, tafuta jukwaa kubwa lenye nguzo mbili zilizobeba sanamu. Ni mabaki ya hekalu la Kaisari Domitiano, lililowekwa wakfu mnamo mwaka 89 au 90. Paulo hakuliona. Lakini wasomaji wa kwanza wa Ufunuo walipita chini yake kila siku, na mamlaka ya Roma waliyoambiwa wasiyasujudie yalikuwa na hekalu, makuhani na sherehe hapahapa. Makundi mengi hupita bila kugeuza shingo. Wewe simama, usome Ufunuo 2:1–7.

Kutoka hapo barabara ya Kureti inashuka moja kwa moja hadi maktaba. Kulia ni hekalu dogo la Hadriano, zuri sana, la karne ya pili, kwa hiyo ni baada ya Paulo na Yohana wote. Vyoo vya umma vya marumaru vitakuchekesha, piga picha uendelee.

Pesa za tiketi ya nyumba za matajiri, zilizofunikwa kwa paa kubwa upande wa kushoto, nakushauri uzitoe hata kama bajeti imebana. Ndani utapanda ngazi na madaraja ya vioo juu ya vyumba vyenye sakafu za vijiwe vya rangi, kuta zilizochorwa ndege na wanafalsafa, visima vya ndani na mabomba ya kupashia joto. Sababu yangu si uzuri huo. Katika 1 Wakorintho 16:19 Paulo anatuma salamu za Akila na Priska “pamoja na kanisa lililomo katika nyumba yao”. Hapakuwa na jengo la kanisa Efeso wakati ule. Palikuwa na sebule. Akila alikuwa fundi wa mahema, pengine nyumba yake ilikuwa karakana chini na chumba juu, hata isikaribie utajiri huu. Lakini ukitazama ua mmoja wa humo unaweza kuhesabu kwa macho ni watu wangapi wangeenea kwa kuumega mkate, na utaona walikuwa wachache.

Kisha maktaba. Ni ya kupendeza, hakuna ubishi: uso wa ghorofa mbili uliosimamishwa upya na wataalamu wa Austria katika miaka ya 1970, sanamu nne za Hekima, Maarifa, Akili na Wema. Aliijenga Aquila (si yule Akila wa mahema) kwa ajili ya baba yake Celsus, aliyekuwa liwali wa Kirumi, na Celsus mwenyewe amezikwa chini yake. Kama watu wote, piga picha. Halafu fanya mambo mawili ambayo wengi hawafanyi. Kwanza, chunguza ngazi za mbele: kwenye jiwe moja pamechorwa kinara cha Kiyahudi chenye matawi saba. Sinagogi la Efeso ambamo Paulo alihubiri miezi mitatu halijapatikana, na mchoro huo mdogo ni miongoni mwa alama chache zinazoonekana kwa macho za jumuiya ile. Pili, geukia kulia kwako, utazame lango lenye matao matatu linaloshikana na maktaba. Hilo ndilo Paulo alilipita.

Lango hilo lilijengwa mwaka wa 4 au wa 3 kabla ya Kristo na wanaume wawili, Mazeo na Mithridate, waliokuwa watumwa wa nyumba ya Kaisari Augusto wakaachwa huru. Majina yao yapo juu, kwa Kilatini, na ukikaza macho utaona matundu ambamo herufi za shaba zilipachikwa. Watumwa wa jana wakijenga lango la soko kuu kwa heshima ya bwana wao: ukisoma maneno ya Paulo juu ya watumwa na mabwana ukiwa chini ya tao hilo, utajua aliongea na watu gani. Ukilivuka unaingia sokoni, uwanja mpana wa mraba uliozungukwa na maduka. Mafundi wa mahema na wauzaji wa vihekalu vya fedha walifanya biashara katika mji wa soko hili. Darasa la Tirano pia lilikuwa mahali fulani si mbali, ingawa hakuna jengo linaloweza kuonyeshwa kwa uhakika.

Ukumbi mkuu wa maonyesho

Hapa tulia. Kama una muda wa sehemu moja tu, iwe hii.

Ukumbi umechimbwa kwenye ubavu wa mlima Panayır, na safu zake za viti zinakadiriwa kubeba watu wapatao 25,000 ulipokamilika. Wakati wa Paulo ulikuwa ukiendelea kupanuliwa, kwa hiyo safu za juu kabisa huenda zilikuwa bado. Panda taratibu hadi zile zinazoruhusiwa, ukae, ufungue Matendo 19:28 na kuendelea.

Utaona jinsi Luka anavyokwenda sambamba na mahali. Umati unakimbilia humu kwa sababu ndiko mji ulikofanyia mikutano yake. Gayo na Aristarko, wenzake Paulo kutoka Makedonia, wanaburutwa hadi chini pale. Paulo anataka kuingia, wanafunzi wanamzuia, na hata baadhi ya wakuu wa Asia waliokuwa rafiki zake wanatuma ujumbe asithubutu. Wengi wa waliokusanyika, anasema Luka kwa kejeli ya wazi, hawakujua hata sababu ya kukusanyika. Kisha kelele ya “Artemi wa Waefeso ni mkuu” kwa muda wa saa mbili. Weka saa yako. Kaa dakika tano tu kimya ukiwaza kelele ile ikirudi kutoka ukuta huu wa mawe, uone dakika tano zilivyo ndefu.

Na aliyemaliza ghasia hakuwa mtume wala malaika. Alikuwa karani wa mji, mtu wa ofisi, aliyewaambia kwamba mahakama zipo na maliwali wapo, mwenye kesi aende huko, la sivyo Warumi watatudai maelezo. Wahubiri wengi humpita karani yule haraka mno. Mimi namwona kuwa ndiye mtu mwenye akili timamu kuliko wote katika sura nzima.

Kabla hujashuka, tazama mbele. Barabara pana ya nguzo, yenye urefu wa karibu nusu kilomita, inanyooka kutoka miguuni mwa ukumbi hadi kwenye matete, kisha haina pa kwenda. Pale palikuwa bandari. Mto Kayistro, leo Küçük Menderes, ulileta tope mwaka hadi mwaka. Mwandishi Strabo anasimulia kwamba Mfalme Attalo wa Pergamo aliamuru ujengwe ukuta baharini ili mlango wa bandari uwe mwembamba na kina kiongezeke, na matokeo yakawa kinyume: tope lililokuwa likisombwa na maji ya kupwa na kujaa sasa likanaswa ndani. Waliendelea kuchimba na kuzibua kwa karne kadhaa. Leo bahari iko kilomita kadhaa kutoka hapo ulipokaa. Wahubiri hupenda kulifunga jambo hili na onyo la kinara kuondolewa mahali pake katika Ufunuo 2:5, nao wana haki ya kuhubiri, ila mji huu uliuawa na tope na malaria, na ulichukua muda mrefu kufa.

Kanisa la Bikira Maria

Makundi yakifika ukumbini huelekea moja kwa moja getini. Wewe, kabla ya kutoka geti la chini, fuata kibao cha kanisa la Maria. Ni magofu marefu na membamba, yaliyojengwa ndani ya jengo la Kirumi lililokuwa sehemu ya eneo la hekalu jingine la Hadriano, si lile dogo la barabara ya Kureti. Mara nyingi utakuwa peke yako.

Juni 431 maaskofu wapatao mia mbili walikutana Efeso, katika kanisa lililoitwa kwa jina la Maria, kujibu swali lililokuwa likiwagawa Wakristo: je, ni halali kumwita Maria Mama wa Mungu? Nestorio, askofu wa Konstantinopoli, alikataa. Kirilo wa Aleksandria alifungua kikao bila kuwangoja maaskofu wa Antiokia waliokuwa bado njiani, na siku hiyohiyo Nestorio akavuliwa cheo. Kirilo mwenyewe aliandika kwamba watu wa mji waliwasindikiza maaskofu kwa mienge hadi walikofikia. Waantiokia walipowasili walifanya kikao chao na kumtenga Kirilo. Haikuwa siasa safi, na Makanisa ya Mashariki ya Ashuru hayajawahi kuupokea Mtaguso ule. Baadhi ya wachimbaji wanaona kuta unazoziona leo ni za baadaye kidogo kuliko 431, lakini jadi imeshika hapa, na Papa Paulo VI alisali hapa mwaka 1967. Usikose chumba cha ubatizo upande wa kaskazini: kisima cha duara chenye ngazi za kushukia, na kuta zake zimechorwa misalaba mikubwa.

Kikundi kinachotaka kufanya ibada kamili ndani ya magofu, yenye nyimbo na mahubiri, kiombe kibali mapema kupitia wakala wake. Kusoma kifungu na kusali kwa sauti ya chini hakuna anayekukataza.

Hatua ya 5: Ayasuluk, kaburi la Yohana

Alasiri panda kilima cha Ayasuluk, juu ya Selçuk. Jina lenyewe limetokana na cheo cha Kigiriki cha Yohana, Mtakatifu Mwanatheolojia. Jadi ya zamani, iliyotajwa na maaskofu wa karne ya pili, inasema Yohana aliishi Efeso hadi uzee wake, na kaburi lake liko hapa. Kaisari Justiniano alijenga juu yake, katika karne ya sita, kanisa la umbo la msalaba lenye kuba sita. Kaburi lina alama chini ya mahali pa altare, katikati ya nguzo nne. Katika zama za kati mahujaji walichukua vumbi lililotoka humo, wakaliita mana, wakaamini linaponya.

Mji uliposhindwa na tope, watu walihamia huku kilimani, wakaubeba mji wao kwa vipande: mawe mengi ya hapa yalitoka chini, pamoja na hekalu la Artemi. Msikiti wa Isa Bey, wa mwaka 1375, uko mteremkoni tu, nao una nguzo za Efeso ndani yake. Ingia, ni mtulivu na mzuri. Akina mama wabebe ushungi, na wote tuvue viatu.

Hatua ya 6: Nyumba ya Bikira Maria

Iko mlimani Bülbül, kilomita chache juu ya magofu, na hakuna basi la umma. Chukua teksi na mpatane bei ya kwenda, kungoja na kurudi kabla hujapanda.

Historia yake ni ya ajabu, na ni vyema uijue kabla. Anna Katharina Emmerick, mtawa wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1824 bila kuwahi kufika Asia, alisimulia maono ya nyumba ambamo Maria aliishi karibu na Efeso. Mwaka 1891 mapadre Walazaristi wa Izmir walikwenda kutafuta kwa kufuata maelezo hayo, wakakuta magofu ya kanisa dogo ambayo Wakristo wa kijiji cha jirani walikuwa wakiyaheshimu tayari. Kanisa Katoliki halijatamka rasmi kwamba ndipo penyewe, na Yerusalemu nayo ina madai yake ya siku nyingi. Hata hivyo Mapapa Paulo VI, Yohane Paulo II na Benedikto XVI wote walikuja kusali, na Waislamu huja kwa wingi, maana Bibi Mariamu ni wao pia.

Nenda asubuhi mapema au jioni. Ndani ni chumba kidogo cha mawe, hakuna kupiga picha, na foleni ikiwa ndefu utapewa nafasi ya kupita tu. Watawa Wakapuchini wanaohudumu hapo huadhimisha Misa, na mapadre wanaoongoza vikundi huweza kuomba nafasi. Agosti 15 huwa na umati mkubwa. Bomba za chemchemi nje zina maji ya kunywa, beba chupa.

Ukiwa na Waislamu kikundini, au ukiwa Mwislamu, pitia pango la Walalao Saba upande wa pili wa mlima Panayır. Ni kisa cha vijana waliokimbia mateso ya Kaisari Desio wakalala usingizi wa miaka mingi, ambacho wasomaji wa Surat al-Kahf wanakijua kwa sura nyingine. Miji kadhaa hudai pango hilo, na hili lenyewe utaliona kwa sehemu kubwa nje ya uzio. Vibanda vya hapo nje hupika gözleme, mikate myembamba yenye jibini au mchicha, mizuri kweli.

Mambo ya kukataa kwa upole

Ule mnara wa mlimani utakaoonyeshwa kuwa gereza la Paulo ni mnara wa ukuta wa Mfalme Lisimako, uliojengwa karibu karne tatu kabla ya Kristo. “Kaburi la Luka” lilipewa jina hilo na Wood kwa sababu ya msalaba na ng’ombe waliochongwa kwenye jiwe. Jengo la awali lilikuwa la Kirumi na halihusiani na Luka. Pango la Paulo, lenye mchoro wa kale wa Paulo, Tekla (mfuasi wake katika masimulizi ya kale) na mama wa Tekla, ni la kweli na ni la thamani kubwa, ila limefungwa, kwa hiyo anayekuahidi kukuingiza bila kibali mkwepe.

Na wale wanaume wa getini wanaofunua kiganja kukuonyesha “sarafu ya kale”: nyingi ni za kutengeneza. Ikiwa ni ya kweli ndiyo mbaya zaidi, kwani kutoa vitu vya kale nchini Uturuki ni kosa la jinai, hata kipande cha kigae ulichookota mwenyewe.

Ukiwa na siku za ziada

Makanisa mengine sita ya Ufunuo yote yako magharibi mwa Uturuki. Smirna ndiyo Izmir ya leo, utakayoipita ukirudi. Pergamo ni Bergama, kaskazini, na inataka siku yake. Kati ya yaliyobaki, lililo rahisi kulifikia kutoka Selçuk ni Laodikia: panda treni ileile ya mkoa, safari hii upande wa kusini, hadi mwisho wake Denizli, kisha dolmuş ya kuelekea Pamukkale ikushushe njiani. Uliza pale mabomba ya mawe yaliyoleta maji mjini. Yameziba kwa chokaa hadi tundu limebaki dogo, na ukimaliza kuyatazama fungua Ufunuo 3:15.